Chururu si ndo ndo ndo: jibu kwa swali la maji ya paani

Mhariri, salaam aleikum.

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: neno la Kiingereza "stillicide" lina maana gani, limetoka wapi, na je, Kiswahili kina neno la maji ya mvua yanayodondoka kutoka paani? Sehemu mbili za mwanzo majibu yake yamo vitabuni. Ya tatu ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana naona wengi watasema hatuna, kisha waanze kuunda jipya. Tunalo. Tena tuna zaidi ya moja, na mpaka uliopo baina ya maneno yetu ni uleule waliouchora Warumi katika sheria zao.

Nianze na Kilatini nimalizane nacho mapema. "Stilla" ni tone. "Cadere" ni kuanguka. Ukiyaunga unapata "stillicidium", kuanguka kwa matone, na Waingereza wakalikata mkia likawa "stillicide". Mwenye kuzoea makaratasi ya mahakamani akiona ile "-cide" mwishoni hufikiria mauaji, kama ilivyo katika "homicide" na "suicide". Mimi nimekuwa mkalimani wa mahakama hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na nawahakikishia kwamba hapa hakuna maiti. Ile ya mauaji ina mzizi mwingine, "caedere", yaani kukata au kuua. Hii yetu ni ya kuanguka tu, na ni jamaa ya "accident" na "cascade". Nayo "stilla" imemzaa Kiingereza "distil", kukeneka, kama wanavyokeneka marashi: tone baada ya tone.

Sheria ya Kirumi haikulichukua neno hili kwa uzuri wake. Ililihitaji kwa sababu ya ugomvi. Roma ilikuwa mji wa nyumba zilizobanana, na kila paa lina upande linakoteremshia maji. Yakianguka uani kwako, shauri lako. Yakianguka kwa jirani, lazima pawe na haki iliyokubaliwa baina ya nyumba mbili. Nasema nyumba kwa makusudi, maana haki yenyewe haikuwa ya mtu. Nyumba ikiuzwa, haki inakwenda na nyumba, na ile ya pili inaendelea kubeba mzigo hata mwenyewe akibadilika. Institutiones za Mfalme Justinian, kitabu cha kufundishia sheria kilichotolewa mwaka 533, zinazitaja haki za aina hii kwa pamoja: nyumba kubeba uzito wa jengo la jirani, boriti ya huyu kuingizwa katika ukuta wa yule, na mtu kupokea, au kutopokea, matone au mkondo wa maji ya mwenzake juu ya paa lake au uani kwake. Boriti ya jirani ndani ya ukuta wako! Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini tazameni yale maneno mawili, matone au mkondo. Kwa Kilatini ni "stillicidium" na "flumen", na sheria haikuyachanganya. Varro, mwanachuoni wa karne ya 1 kabla ya Kristo aliyeandika juu ya asili za maneno ya Kilatini, anasema la kwanza huanguka tone kwa tone na la pili hutiririka bila kukatika. Kuruhusiwa moja si kuruhusiwa jingine.

Sasa wazee wetu walisemaje? "Chururu si ndo! ndo! ndo!" Methali nzima ndiyo hiyo. Haina jina wala kitenzi. Ina milio miwili na ukanusho katikati, basi. Varro alihitaji kueleza. Sisi tumepewa masikio. Chururu ni maji yanayotoka mfululizo, ndo ndo ndo ni matone, na methali inakataa kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Walimu hupenda kuiegemeza kwenye mambo ya kuweka akiba, wakaiweka bega kwa bega na haba na haba hujaza kibaba. Sina ugomvi nao. Ila kabla ya kuwa ya akiba ilikuwa ya maji, na aliyeitunga alikuwa amesimama mahali anasikia paa. (Wageni huitamka vibaya wakaivuta "ndoo, ndoo, ndoo". Kwa Kimvita hapo unakuwa unamwita mtu aje, na ikiwa si kuita, basi unahesabu ndoo za maji.)

Nje ya methali tuna kitenzi ambacho vijana wamekiacha, kutona. Maji yanatona kutoka upenuni, na kitonacho ni tone. Wengi wanalijua tone na hawamjui mzazi wake. Wanawake wa Mombasa bado wanaye, kwa kuwa hina hutonwa, nukta kwa nukta, mikononi na miguuni. Mahali pengine pote kudondoka kumechukua nafasi, na si kubaya. Mle ndani ya "dondo" bado nasikia ndo ndo. Na upenu, kwa faida ya waliokulia katika fleti, ni ule ukingo wa chini wa paa unaotokeza nje ya ukuta.

Chururu na ndo ndo ndo vinategemea paa limeezekwa kwa nini. Paa la makuti huyavunja maji na kuyagawa. Kila ncha ya ukuti ina tone lake, na mvua ikishakatika makuti yanaendelea kutona kwa muda mrefu, maana yamelowa. Bati ni tabia nyingine. Lina mabonde, na kila bonde linaleta kijito chake. Ikiwa ni rasharasha utapata matone. Ikishuka ile ya masika, ya mwezi wa tano, upenu wote unateremsha pazia. Kisha anakuja fundi wa gata. Yeye anakusanya vile vijito vyote, anavileta pembeni na kuviteremsha kwa bomba moja, na bomba lile lina mdomo, na mdomo lazima uelekee mahali. Warumi wangesema fundi huyo ameigeuza stillicidium kuwa flumen, yaani amebadilisha haki ya nyumba kwa nyundo na misumari. Jirani aliyevumilia matone tangu enzi za babu yake hakukubali kamwe bomba.

Kesi za namna hiyo mtu wa kisiwani anazijua, hata zile zisizofika kortini, zinazoishia kwa mzee wa mtaa au kwa maneno ya barazani. Mlalamikaji hasemi "maji ya mvua yananiangukia". Husema "maji yake yananiangukia" au "amenichururizia ukuta wangu". Kazi yangu ilikuwa kuyapeleka maneno hayo kwenye Kiingereza, na lile "yake" ndilo lililokuwa likinishughulisha. Mvua haina mwenyewe inapotoka juu. Ikigusa bati la mtu inapata mwenyewe, na lawama inapata anwani.

Ukuta wenyewe haukujengwa kwa kuchururiziwa. Nyumba za kale za Mombasa ni matumbawe, chokaa na mchanga, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko zilizoingizwa vichwa ndani ya ukuta. Maji yakipiga mahali pamoja, kwanza lipu hutoka, kisha chokaa iliyoshika mawe hulainika na kusombwa kidogo kidogo, kisha unyevu unafika kwenye kichwa cha boriti. Hapo ndipo hasara ilipo. Boriti ikioza kichwa hutaiona, imefichwa. Utakachoona ni dari limeanza kushuka. Lucretius, mshairi wa zama za Varro, alilitumia neno hilihili la stillicidium aliposema kwamba kuanguka kwa matone hutoboa jiwe. Alikuwa akithibitisha kwamba vitu hulika kwa chembe ndogo zisizoonekana. Kwa jiwe la tumbawe asingehitaji kuthibitisha sana.

Lipo neno la pili ambalo Kiswahili cha pwani kinalo na halipewi haki yake, nalo ni mlizamu. Nyumba ya mawe ya zamani yenye paa la sakafu, lililo bapa, haina upenu wa kutona. Maji hukusanyika juu na kutolewa kwa kopo au mfereji wa mti au wa jiwe unaotokeza ukutani, na huo ndio mlizamu. Linatokana na Kiarabu, "mizab" au "mirzab". Mizabu maarufu kuliko yote ipo Makka. Ni ile ya dhahabu iliyo juu ya Kaaba upande wa kaskazini, inayomwaga maji ndani ya Hijri Ismaili, ule uwanja uliozungushiwa ukuta mfupi kando ya Kaaba, nayo huitwa Mizabu ya Rehema. Mvua ikinyesha Makka watu hubanana chini yake wapate kulowa. Hapo mnaona maji ya paani yanayokimbiliwa badala ya kukimbiwa.

Na kuna kisa ambacho mawakili wetu wangekisoma kabla ya vitabu vya Roma. Kimesimuliwa katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imamu Ahmad. Nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa na mizabu iliyoelekea njia aliyokuwa akipita Khalifa Umar bin Khattab. Siku moja ya Ijumaa Umar amevaa nguo zake anakwenda msikitini, na kwa Abbas wamechinjwa vifaranga wawili. Maji yaliyochanganyika na damu yakammwagikia. Akaamuru ing'olewe, akarudi kubadilisha nguo, akaenda kusalisha. Baadaye Abbas akamwambia kwamba, wallahi, mahali pale ndipo Mtume alipoiweka. Umar akamsisitizia Abbas apande mgongoni mwake yeye Umar, airudishe palepale. Mtawala aliyechafuliwa nguo akawa ngazi. Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina jina la haki hii, haki ya kupitisha maji, na mizani yake ni hadithi inayojulikana na kila mtu aliyekaa darsani: hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Turudi kwenye lile fungu la Justinian nililosema, "kupokea au kutopokea". Wasomaji wa bara waliozoea mito huenda wakauliza nani atadai haki ya kupokea maji ya paa la jirani. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Visima vyake vingi vina chumvi. Maji ya bomba yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, Baricho kando ya Sabaki, na Tiwi. Bomba likikauka, na hukauka, kuna mikokoteni ya mitungi kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo mvua ikipiga bati, nyumba nzima inakurupuka kutafuta cha kukinga: ndoo, beseni, karai, sufuria, hata sinia. Wenye busara huyaacha maji ya mwanzo yapite, maana hayo yameosha vumbi na mavi ya kunguru. Yanayofuata ndiyo yanayokingwa. Majumba makubwa ya kale yalikuwa na jabia, hodhi la kujengwa la kuhifadhi maji. Shambani, palipokosekana bati, ukuti ulifungwa kuzunguka shina la mnazi ukaelekeza maji yanayoteremka shinani mpaka mtungini. Ukuti ule jina lake ni mchirizi.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Mchirizi ni kile kinachochirizika na pia kile kinachochirizisha: maji membamba yanayoshuka, ukingo wa paa yanakoshukia, na kijifereji kinachoyachukua. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lenye tabia hiyohiyo. Yapo maandishi ya ardhi kutoka Kent ya mwaka 868 yanayosema kwamba, kwa desturi ya watu, ziachwe futi mbili kwa ajili ya "yfesdrype", maji ya upenuni. Neno lilikuwa la maji, likawa pia la ule ukanda wa ardhi yanapoangukia. Baadaye akatokea mtu wa kusimama katika ukanda huo, mgongo ukutani, asikilize yanayosemwa ndani, akaitwa "eavesdropper". Ni mdukizi wetu. Blackstone, katika kitabu chake cha sheria za Uingereza cha mwaka 1769, alimweka miongoni mwa wakosaji wanaokera umma, wanaosikiliza chini ya kuta, madirisha na penu kisha watunge maneno ya fitina. Kosa hilo halikufutwa Uingereza mpaka sheria ya mwaka 1967. Kwa hiyo Waingereza waliposahau maji wakabaki na umbeya, na walipotaka kurudi kwenye maji ilibidi waende kuazima Kilatini. Waskoti ndio waliolishika stillicide katika sheria yao kwa maana ileile ya Kirumi, kwamba huruhusiwi kujenga paa lako likatupa maji moja kwa moja kwenye ardhi ya jirani bila ya kuwa na haki hiyo.

Nje ya sheria neno limesalia kwa washairi. Thomas Hardy alilitia katika shairi lake "Friends Beyond", lililochapishwa mwaka 1898, akilipa matone ya pangoni. Huyu kabla ya kuwa mwandishi alisomea uchoraji wa majengo, kwa hiyo penu alizijua kwa mkono. Kisha Vladimir Nabokov katika riwaya yake "Pale Fire" ya mwaka 1962 akaligandisha barafu, na akamfanya mhusika wake mfafanuzi aseme kwamba alilikuta kwanza kwa Hardy. Nadhani wengi wanaoliuliza leo wamelipata hapo. Barafu ya upenuni sina la kusema juu yake.

Nimesikia watu wakipendekeza "uvujaji". Naukataa kabisa. Paa linalovuja limeharibika; maji yanaingia ndani na mwenye nyumba analaumiwa na mkewe. Paa linalotona upenuni ni paa zima linalofanya kazi yake. Mtafsiri akiandika "haki ya uvujaji" hakimu atafikiri mtu anadai ruhusa ya kuacha nyumba yake ioze. "Mfereji" nao haufai, maana huo ni njia, na pia ni bomba la kuchotea maji mtaani. Mimi naweka mchirizi kwa stillicidium na mlizamu kwa flumen. Kikwazo kimoja ninakijua. Ukitafuta "michirizi" kwenye simu leo utaletewa dawa za kuondoa alama za ngozi ya tumbo baada ya uzazi. Neno kubeba kazi mbili si jambo geni, na tumbo haliendi kortini na jirani.

Nililijaribu kwa Varro mwenyewe. Anataja kifungu cha Kirumi cha masharti ya nyumba za mjini, nami nakiweka hivi: "Michirizi na milizamu, kama ilivyo sasa, ndivyo hivyo idondoke na itiririke." Kiandikeni katika hati ya mauzo ya nyumba ya Kibokoni au Ndia Kuu, mkisome mbele ya muuzaji, mnunuzi na jirani wa ukuta mmoja. Jirani ndiye atakayeomba kisomwe mara ya pili, aulize "sasa" ni kabla ya gata au baada yake.